Sikio Moja Nje

Witek alibandika plasta juu ya tarakimu.
"Namba zina haraka ya kujibu," alisema,
"na wewe bado hujauliza."
Plasta ya kidonda, rangi ya ngozi. Ipo mpaka leo.

Hii ni Łódź, mji ambao jina lake ni mashua
na bahari iko huko, mwisho wa reli.
Ghorofa ya nane, Januari,
mabomba ya joto yakikohoa ukutani,
na mezani pa bibi mashine mbili za santuri
nilizozilipia kwa mishahara minne ya duka la mikate,
zimekaa juu ya kitambaa cha kufuma
kwa sababu bibi alikataa kukitoa.

Nilifunzwa hivi:
sikio la kushoto ndani ya hedifoni, la kulia chumbani.
Moja linasikia kinachokuja,
moja linasikia kilichopo,
nawe katikati, mwenyeji wa wageni wawili wasiojuana.
Itafute moja. Si ya pili, yenye kofi;
ile ya kwanza, nzito, inayofungua hesabu.
Izuie santuri kwa ncha ya kidole,
sahani iteleze chini yake,
isugue mbele, nyuma, mbele, fwi, fwa, fwi,
halafu achia.
Usiitupe. Usiisukume. Achia
kama unavyoachia mlango usiku, jirani amelala.

Kwa sekunde tatu ni ngoma moja.
Kisha du-du, du-du, du-dudu,
watu wawili wanashuka ngazi, mmoja kalewa.

Yupi anakimbia?
Hapo ndipo wiki zangu sita zilipoishia.
Niliyoidhani imechelewa ndiyo iliyotangulia;
nikaisukuma, ikazidi kwenda;
nikatukana Kipolandi chote nikijuacho.
"Usibahatishe," Witek alisema. "Ikosee makusudi.
Ipunguze mpaka uwe na hakika kwamba imechelewa,
kisha panda nayo."
Kidole pembeni mwa sahani, mguso tu,
wa mtu anayepima pasi kama imepata moto.
Kitelezi cha kasi, upana wa ukucha.
Nusu ukucha.
Robo.

Bibi Bożena alikuwa akimenya viazi.
Miaka ishirini na sita katika kiwanda cha pamba,
vitanda vya mfumi mia mbili vikipiga chini ya paa moja,
vilimla masikio yote mawili.
Anasoma midomo. Redio anaifuta vumbi tu.
Aliweka kisu chini, akaweka kiganja juu ya kitambaa,
akakiacha pale, kama anapima homa.

"Huyu," akasema, kwa sauti kubwa ya wasiosikia,
akionyesha ya kulia kwa kidevu,
"anachelewa. Kidogo. Kama kitanda cha Halina
siku mkanda wake ulipolegea."

Nikampandisha huyu unywele mmoja.
Bibi akatikisa kichwa.
Unywele mwingine.
Bado. Bado.
Basi.

Ngoma zikaingiana,
sauti ikawa na utupu ndani yake, upepo katika bomba,
ndivyo zinavyolia zikikaribiana mno.
Sikuthubutu kupumua.
Nikahesabu nane, kumi na sita, thelathini na mbili,
nikampokonya yule besi, nikampa huyu,
na chumba hakikujua kwamba kimebadilishiwa sakafu.

Haikudumu. Mota mbili hazizaliwi siku moja.
Dakika ya pili ya kushoto ikaanza kuponyoka;
nikaigusa, ikarudi; ikaponyoka,
nikaigusa.
Hakuna mahali pa kufika na kuketi.

Witek hakunitazama mimi.
Alitazama kile kiganja, mishipa yake, pete iliyozama nyamani,
na akauliza, kichwa kimeinama,
swali ambalo bibi hakuliona.

Yeye alikwisha kurudia viazi vyake,
kisu mkono wa kulia,
wa kushoto ungali mezani.
Kiazi hakimenyeki kwa mkono mmoja.
Alikuwa anajaribu.